Mshahara wa Kapera Haulishi Nyumba

Siku hizi ukilalamika kwamba wenye nacho wanazidi kupata ilhali wasio nacho wanazidi kukosa, hutakosa mtu wa kukujibu kwa neno moja tu: soko. "Ndugu yangu, soko ndilo linaloamua," atakuambia, kana kwamba soko ni mvua au ni kujaa na kupwa kwa bahari, jambo lisilo na mwenyewe wala wa kulaumiwa.

Bawabu analinda lango la jumba la ghorofa ishirini usiku kucha. Kukicha anarudi Mukuru kwa miguu, kwani nauli akiitoa leo kesho atakosa unga. Ukiuliza sababu, waambiwa kwamba mabawabu ni wengi, na kitu kikiwa kingi bei yake hushuka. Huko juu ya jumba lilo hilo yuko mkurugenzi ambaye kwa mwezi mmoja huenda akapokea kiasi ambacho bawabu hatakipata kwa miaka kumi. Ukiuliza tena, waambiwa kwamba wakurugenzi ni haba, na kitu kikiwa haba bei yake hupanda. Basi hapo mazungumzo yanakwisha, kila mtu ashike njia yake.

Mimi nasema mazungumzo hayajakwisha, na hata hayajaanza. Kuna swali ambalo twaliruka kila mara: hiyo bei ya jasho la mtu wa chini, nani aliipanga kwanza, na aliipanga kwa hesabu gani? Ukiifuata hesabu hiyo nyuma hadi chanzo chake, hapa kwetu Kenya, hutakuta soko. Utakuta sheria, utakuta kodi, na utakuta kijana mmoja ambaye serikali ilimchukulia kuwa hana mke wala mtoto.

TUZO SI DHULUMA

Kwanza tukubali lililo kweli, maana hoja isiyokubali kweli ya mwenzake ni ukaidi tu. Si kila tofauti ya mapato ni dhuluma. Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini, na hapana mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba mvivu na mwenye bidii wapewe sawa. Fundi anayeshona suti ikamkaa mtu vizuri sharti apate zaidi ya yule anayeharibu kitambaa. Eliud Kipchoge alipomaliza mbio za marathoni mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, sikumsikia Mkenya hata mmoja akidai kwamba tuzo na sifa zake zigawanywe kwa waliokuwa wamekaa wakitazama.

Mwanafalsafa mmoja wa Marekani, Robert Nozick, aliitetea hoja hii kwa ustadi mkubwa katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1974. Alichukua mfano wa mchezaji mashuhuri wa mpira wa vikapu, Wilt Chamberlain. Tuseme, alisema, kwamba kila mtazamaji anatia senti 25 za Kimarekani katika kisanduku cha mchezaji huyo, kwa hiari yake, kwa kuwa anapenda kumwona akicheza. Wakija watu milioni moja, mchezaji atakuwa na dola 250,000, na atawapita wenzake wote kwa utajiri. Je, nani amedhulumiwa? Kila mtu alitoa chake kwa mkono wake mwenyewe.

Hoja hii ina nguvu, na wale wanaotuambia "soko limeamua" wanaitumia kila siku hata kama hawajapata kusikia jina la mwenyewe. Lakini mara nyingi wanaitumia nusu. Nozick hakusema kwamba kila aliye na mali anastahili kuwa nayo. Alisema kwamba lazima tuangalie historia: kwamba mali ilipatikana kwa haki tangu mwanzo, na ilipita mkono hadi mkono kwa haki. Pale ambapo mwanzo ulikuwa na dhuluma, alikubali kwamba pana deni la kurekebisha. Huyo ndiye mtetezi wa soko aliye mkali kuliko wote, na bado anatuambia: kabla ya kusifu mavuno, uliza shamba lilipatikanaje.

Haya basi, na tuulize.

BEI ILIYOPANGWA

Mlowezi wa Kizungu alipofika katika nyanda za juu za nchi hii, mwanzoni mwa karne ya ishirini, alikuta watu wenye ng'ombe, wenye mashamba, wenye wake na watoto, wala hakuna aliyekuwa na haja ya kumlimia mgeni. Lau soko lingekuwa huru kweli, mlowezi huyo angelazimika kupandisha ujira mpaka umvute mtu atoke nyumbani kwake kwa hiari. Hivyo ndivyo soko linavyofanya kazi: ukitaka kitu ambacho mwenyewe hataki kukitoa, ongeza bei.

Haikuwa hivyo. Ilikuja kodi ya nyumba, na mwaka wa 1910 ikafuata kodi ya kichwa, nazo zilidaiwa kwa fedha. Mtu asiye na fedha hakuwa na njia ila kwenda kuitafuta kwa yule aliyekuwa nayo, yaani mlowezi. Mwaka wa 1912 hadi 1913 serikali iliunda tume ya kuchunguza habari za vibarua, na mbele ya tume hiyo walowezi walisema bila kuficha kwamba Mwafrika akiwa na ardhi ya kumtosha hatakuja kufanya kazi. Kwa hivyo dawa ni kupunguza ardhi iliyotengewa wenyeji. Tazama jambo hilo vizuri, msomaji. Walijua fika kwamba bei ya kazi itapanda mtu akiwa na pa kujitegemea, wakashauri aondolewe hapo pa kujitegemea ili bei isipande.

Kisha kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka wa 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alitakiwa kukibeba, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Ndani yake iliandikwa alikofanya kazi, alilipwa kiasi gani, na kama mwajiri wake alimruhusu kuondoka. Mfanyakazi asiyeweza kumwacha mwajiri mbaya akaenda kwa mzuri hayumo sokoni, yumo kizuizini. Na yule aliyetaka kulima kahawa yake mwenyewe, zao lililokuwa likiwatajirisha walowezi, alizuiliwa kwa miaka mingi.

Mwaka wa 1921, bei ya kahawa na mazao mengine ilipoanguka, walowezi walikata shauri kwa pamoja kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Wauza samaki wa mjini wakikutana usiku na kupatana bei, twawaita wezi. Walowezi walipokutana na kupatana bei ya jasho la watu, ikaitwa busara ya biashara. Jambo hilo, pamoja na kodi na kipande, ndilo lililomwinua Harry Thuku. Na alipokamatwa mwezi wa Machi 1922, watu waliokwenda kumdai mbele ya kituo cha polisi Nairobi walipigwa risasi, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru. Hao ni watu waliokufa kwa sababu, miongoni mwa mambo mengine, waliuliza bei ya kazi yao inapangwa na nani.

MANENO YANAYOSHUHUDIA

Hata lugha yetu imeyahifadhi mambo haya, ingawa twayatamka bila kuyafikiri. Neno "kibarua" asili yake ni barua ndogo, kile kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, akirudishe jioni ndipo apewe ujira wake. Jina la karatasi likawa jina la mtu. "Kipande" nacho ni sehemu ya kitu kilichokatwa, na kweli mtu alikatwa vipande: sehemu moja ilihesabiwa, ile ya mikono inayofanya kazi, sehemu nyingine haikuhesabiwa, ile ya tumbo la mkewe na matumbo ya wanawe.

Na "posho"? Ni chakula cha kupimiwa. Katika mashamba mengi posho ilipimwa kwa tumbo la mfanyakazi. Mji nao ulijengwa kwa kipimo hicho hicho. Makao mengi ya Waafrika mjini Nairobi wakati wa ukoloni yalipangwa kwa kuhesabu vitanda wala si kwa kuhesabu jamaa. Mwanamume alihesabiwa kuwa mgeni wa muda: amekuja kufanya kazi, ataondoka. Mkewe yuko mashambani, anajilimia, anajilisha, analea watoto, anauguza wazee, na wala hamgharimu mwajiri hata peni moja.

Huo ndio mshahara wa kapera. Haukuitwa hivyo kwa sababu wafanyakazi wote walikuwa makapera. Uliitwa hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi kwa mwajiri kudhani hivyo.

HESABU INAKATALIWA

Wafanyakazi hawakunyamaza. Mwezi wa Januari 1947 mji wa Mombasa ulisimama. Watu wa bandari na wa reli, maboi wa majumbani, wachukuzi na wapagazi, maelfu kwa maelfu waliweka vitu chini kwa muda wa siku kumi na zaidi. Meli zilingoja, na wakubwa wakajifulia nguo wenyewe. Chege Kibachia, aliyeongoza chama cha wafanyakazi Waafrika kilichozaliwa katika mgomo huo, alikamatwa baadaye mwaka huo huo na kupelekwa mbali na mji.

Walichodai hakikuwa usawa na mkurugenzi. Walidai kwamba mtu anayefanya kazi kutwa nzima aweze kula, kulipa kodi ya chumba, na kuishi na jamaa yake.

Miaka saba baadaye serikali yenyewe ya kikoloni iliyakubali. Kamati iliyochunguza mishahara ya Waafrika, chini ya uongozi wa Carpenter, ilitoa ripoti yake mwaka wa 1954. Iligundua kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mjini katika makampuni ya watu binafsi walikuwa wakipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya mtu mmoja, seuze mtu na mkewe. Yaani hata huyo kapera wa kubuni alikuwa akilala njaa! Kamati ikashauri kwamba nchi iache mshahara wa kapera, na hatua kwa hatua iingie katika mshahara unaoweza kutunza jamaa.

Ushauri ulikuwa mwema. Swali ni hili: je, tulifika?

SHAMBA LIMEKWISHA

Tulipopata Uhuru mwaka wa 1963 tulirithi mambo mengi, na moja lililopita bila kushangiliwa ni kile kipimo cha mshahara. Waraka maarufu wa serikali, nambari 10 wa mwaka wa 1965, ulizungumzia Ujamaa wa Kiafrika, lakini papo hapo ulishauri fedha za maendeleo ziwekwe kwanza pale ambapo zingeleta mapato makubwa upesi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, njia na umeme tayari. Aliyekuwa nacho akaongezewa. Mwaka wa 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani walikuja kuchunguza ajira na mapato nchini, wakaonyesha jinsi pengo lilivyokuwa likipanuka na jinsi watu wengi walivyokuwa wakihangaika bila mwajiri, wale ambao sisi twawaita jua kali. J. M. Kariuki naye alituonya juu ya Kenya ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi. Aliuawa mwezi wa Machi 1975. Onyo lake lingali hai.

Njoo sasa katika siku zetu. Katika agizo la mishahara lililoanza kutumika mwezi wa Novemba 2024, mfanyakazi wa kawaida asiye na ujuzi maalumu mjini Nairobi aliwekewa kima cha chini cha shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, mbali na marupurupu ya nyumba. Chukua kalamu, ugawe kwa siku thelathini. Utapata shilingi 537 kwa siku. Kama ana mke na watoto watatu, kila mmoja ana shilingi 107 kwa siku kwa chakula, mavazi, karo, matibabu, makaa na nauli. Ugawe kwa mtu mmoja, na hesabu inaanza kupumua kidogo. Kumbe kapera yule yule wa zamani angali anaishi ndani ya hesabu zetu!

Tena huyo wa Nairobi ndiye mwenye nafuu. Katika agizo la mashamba lililotoka wakati huo huo, mfanyakazi wa shambani asiye na ujuzi aliwekewa chini ya nusu ya kiasi cha mwenzake wa Nairobi. Je, pakiti ya unga huko Kericho ni nusu ya bei? Daftari la mtoto je?

Nami nasema hali ya leo ni mbaya kwa njia moja kuliko ile ya 1954. Wakati ule mshahara wa kapera ulikuwa dhuluma, lakini nyuma yake palikuwa na shamba. Mke alilima mahindi na maharagwe, akamletea mumewe gunia mjini. Shamba ndilo lililokuwa likimalizia kile ambacho mwajiri hakukilipa. Leo shamba hilo limegawanywa kwa wana, na wana wakawagawia wana wao, hata mahali pengi limebaki kipande cha kuzikia wazee tu. Mkondo umegeuka. Badala ya gunia kupanda basi kuja mjini, ni fedha zinazotoka mjini kwenda mashambani kwa simu, shilingi mia mbili leo, mia tatu kesho: dawa ya mama, karo ya mdogo, mbolea ya kaka. Mshahara uliohesabiwa ukitegemea shamba sasa unatakiwa kulilisha shamba lenyewe.

Na upungufu huo nani anaubeba? Twaubeba sisi kwa sisi. Mtu akiugua, twachanga. Akifiwa, twachanga. Mtoto akipata nafasi shuleni, twachanga. Twajisifu kwamba huo ni utamaduni wetu, na kweli ni utamaduni mzuri ambao sitaki ufe. Lakini tuseme wazi jambo moja lisilosemwa: kila mara ndugu wanapochanga kumlipia hospitali mtu anayefanya kazi ya kila siku, wanamsaidia na mwajiri wake pia. Wanalipa sehemu ya mshahara ambayo yeye hakuilipa. Ukarimu wa maskini umekuwa ruzuku ya tajiri, na jambo hilo halionekani katika kitabu chochote cha hesabu za kampuni.

JUU TUME, CHINI SOKO

Sasa turudi kwa yule rafiki anayesema kwamba soko ndilo linaloamua. Mwulize: huko juu nako ni soko?

Mshahara wa mbunge hauamuliwi na wingi wa watu wanaoutamani ubunge. Lau ungeamuliwa hivyo, ungekuwa mdogo kuliko wa bawabu, kwa maana wanaoutaka kila uchaguzi ni umati. Unaamuliwa na tume iliyowekwa na Katiba ya 2010, nayo tume hiyo huangalia hadhi ya kazi, majukumu na mahitaji ya mwenye cheo. Kwa hesabu ya tume hiyo, mapato ya mbunge yamepita shilingi 700,000 kwa mwezi, zaidi ya mara arubaini ya kima cha chini nilichokitaja. Mishahara ya wakurugenzi wa makampuni makubwa nayo hupangwa na kamati za halmashauri, ambamo wanakaa watu wa tabaka lao lile lile.

Basi huko juu watu huulizana: mtu wa hadhi hii ataishije? Huku chini huulizwa jambo jingine: mtu huyu atakubali kiasi gani kabla ya kukimbia? Maswali hayo mawili hayawezi kuzaa jibu moja. Na anayeulizwa lile la pili ndiye huyo anayehubiriwa habari za soko huria.

Tazama pia kwamba walioajiriwa kwa mshahara wa kila mwezi ni wachache. Ripoti za serikali za kila mwaka kuhusu uchumi zaonyesha kwamba zaidi ya watu wanane katika kila kumi walio kazini, ukiacha wakulima wadogo wadogo, wako katika shughuli za jua kali. Kwao hapana kima cha chini kinachofuatwa, hapana likizo, hapana pensheni. Mama anayeuza sukuma wiki kando ya njia ndiye aliye katika soko huria kweli kweli: bei yake hupanda na kushuka kila asubuhi, na askari wa jiji wanaweza kuibeba bidhaa yake yote mchana. Uhuru wa soko, kwa jinsi tunavyouendesha, umekuwa mkali zaidi kadiri mtu anavyokuwa dhaifu zaidi.

HOJA YA MWAJIRI

Nasikia jibu. Mwajiri atasema: "Mkinilazimisha kulipa zaidi, nitawafuta watu nusu. Je, si afadhali mtu mwenye mshahara mdogo kuliko asiye na kazi?" Si hoja ya kudharauliwa. Mapema mwaka wa 2024 mamlaka inayosimamia makampuni ya ulinzi iliamuru kwamba bawabu wa Nairobi asilipwe chini ya shilingi 30,000 kwa mwezi. Makampuni yalilalamika kwamba wateja watavunja mikataba na walinzi kufutwa, na jambo likafika mahakamani. Mwenye duka dogo anayemweka mlinzi mmoja hana fedha za kuchezea, na kumwita yeye bwanyenye ni kumwonea.

Lakini hoja hiyo ina kikomo. Kwanza, ndiyo ile ile iliyotolewa mwaka wa 1921, na 1947, na kila mwaka ambao mfanyakazi aliomba nyongeza. Kama ingekuwa kweli daima, basi kipande kingekuwa bado kiko shingoni mwetu, kwa kuwa nacho kilitetewa kwa kusema kwamba bila vibarua wa bei rahisi nchi itafilisika. Pili, si kila mwajiri ni mwenye duka dogo. Kampuni inayogawa faida nono kwa wenye hisa mwisho wa mwaka haiwezi kuniambia kwamba ikimwongezea mfagiaji shilingi elfu mbili itafunga milango.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mshahara si njia pekee. Hesabu ya jamaa inaweza kutimizwa kwa mkono wa mwajiri au kwa mkono wa umma. Ikiwa shule ni ya bure kweli, bila malipo yanayopitia mlango wa nyuma, bawabu amepata nyongeza. Ikiwa hospitali ya serikali ina dawa, amepata nyongeza. Ikiwa kuna nyumba ya kupanga iliyo na maji, karibu na kazini, amepata nyongeza ya nauli na ya nguvu zake. Hayo yote hulipwa kwa kodi, na kodi sharti itoke kwa mwenye uwezo kwa kadiri ya uwezo wake. Asiyetaka kuongeza mshahara wala hataki kulipa kodi, huyo anasema kwamba upungufu uendelee kubebwa na mama mzee wa kijijini. Aseme hivyo waziwazi, asijifiche nyuma ya soko.

MWENYE KUGAWA ACHUKUE MWISHO

Watoto wana kanuni yao wanapogawana muwa: anayekata ndiye anayechukua mwisho. Hapana polisi wala hakimu, lakini vipande hutoka sawa, maana mwenye kisu hajui atabakiwa na kipi. John Rawls, Mmarekani mwingine ambaye kitabu chake kilitoka mwaka wa 1971, alijenga falsafa nzima juu ya wazo lililo karibu na hilo. Alisema kwamba sheria za haki ni zile ambazo mtu angezichagua kama asingejua yeye mwenyewe atazaliwa wapi, tajiri au maskini. Hakusema wote wawe sawa. Alikubali tofauti, lakini kwa sharti kwamba imfaidi hata aliye chini kabisa.

Muthaiga na Mathare zimekaribiana, barabara ya Thika ikipita kati yao. Watoto wawili wanaweza kuzaliwa usiku mmoja, mmoja kila upande, wakanyeshewa na mvua moja. Hapana hata mmoja aliyechagua upande wake. Mmoja atasomea penye walimu wa kutosha na chakula cha mchana. Mwingine atasoma akiwa na njaa, kisha miaka ishirini baadaye tutawaita wote wawili sokoni na kuwaambia: haya, shindaneni kwa haki, soko litaamua! Katika mbio za kweli hapana mwamuzi atakayekubali jambo hilo. Wakimbiaji huwekwa mstari mmoja, na bastola haipigwi mpaka miguu yote iko nyuma ya chaki. Ndiyo maana hatumwonei kijicho mshindi wa mbio.

Mimi siombi mishahara iwe sawa. Mwenye ujuzi apate tuzo ya ujuzi wake, na mfanyabiashara aliyethubutu ale faida ya kuthubutu kwake. Ninachokiomba ni kwamba, wakubwa wa serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi watakapokaa tena mezani kukata kima cha chini, waanze kwa swali ambalo watu wa Mombasa waliliuliza mwaka wa 1947 na kamati ya 1954 ikalikubali: mtu huyu ana jamaa ya watu wangapi, na wanakula nini? Waandike jibu katika karatasi, walitangaze, kisha watuonyeshe ni sehemu gani italipwa na mwajiri, na sehemu gani italipwa na umma kwa shule, hospitali na nyumba. Ikibaki sehemu isiyo na mwenyewe, nayo waitangaze, ili tujue kwa hakika ni kiasi gani twamdai bibi kizee anayepalilia robo ekari yake huko nyumbani.

Kapera yule hakuwahi kuwapo. Alibuniwa na watu waliotaka kazi ya mtu bila gharama za mtu. Tumemlipa mshahara kwa zaidi ya miaka mia moja. Wakati umefika wa kumfuta kazi, na kumwandika mahali pake mfanyakazi aliye hai, mwenye mke au mume, wazazi na watoto.